Mpira wa Dripu

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Leyanis aliivua skafu yake nyekundu ya shule, akaitundika msumarini, kisha akaenda moja kwa moja uani kwa baba yake. Hapo, chini ya bati, kilikaa kigari chao kidogo cha Kipolandi, kile ambacho injini yake iko nyuma. Injini ya zamani ilikuwa imekufa kwa uzee. Baba yake, Osmany, alipata injini nyingine iliyotolewa katika gari la Kikorea, akakata, akachomelea na kuunga miezi mingi mpaka ikaingia. Kazi ya Leyanis ilikuwa kumulika tochi na kusafisha vyuma.

"Shika tochi vizuri, fundi mdogo," baba alizoea kumwambia.

"Mimi nimeshika, baba. Wewe ndiye unayetikisika!"

Lakini wiki ile hapakuwa na utani. Simu ilikuwa imepigwa kutoka mji wa Sagua: Migdalia, mdogo wake Bibi Nieves aliyemzaa Osmany, alikuwa mahututi, na hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani. Mabasi hayakuwa na mafuta. Malori yanayobeba abiria yalipita, lakini bibi na nyonga yake mbovu angepandaje? Tumaini lao lilikuwa kile kigari tu.

Bibi Nieves akachemsha mapera kwa sukari, kama mdogo wake alivyoyapenda tangu utotoni, akayatia kwenye chupa. Akavaa viatu vyake vyeupe, akaketi mlangoni kwenye kiti cha kubembea. "Nikimwona tu akiwa hai, inanitosha," alisema.

Asubuhi injini iliwaka vizuri kabisa. Wakapanda wote watatu. Lo! Hawakufika hata mwisho wa mtaa. Injini ilipopata moto ikaanza kumisi, mngurumo ukikatakata, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, kimya. Vijana wakakisukuma kigari kukirudisha nyumbani.

"Osmany, hilo ni gari au tanuri la mkaa?" jirani yao Wilfredo akapiga kelele. "Utatukausha kama samaki!"

Watu wakacheka. Bibi Nieves hakucheka. Alirudi kwa miguu, ameegemea bega la Leyanis, chupa ya mapera mkononi.

Baba akaanza kutafuta ugonjwa. Alibadilisha plagi, akaazima koili, akakagua waya mmoja baada ya mwingine. Kila injini ilipopoa, iliwaka kama haina kosa, na ilipopata moto ikafa tena. "Ikiwa baridi ni malaika, ikipata joto ni shetani," alisema, jasho likimtiririka.

Leyanis alikuwa akimulika tochi, na moyo wake ulikuwa mzito, kwa maana alijua jambo ambalo baba hakulijua.

Katika injini ile kulikuwa na sensa ndogo ya kupima nguvu ya hewa inayovutwa ndani. Sensa hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ya injini imwage petroli kiasi gani. Mpira mwembamba uliiunganisha na injini, na baba alikuwa ameonya, "Huo usiuguse. Ni mkavu, na mwingine sina." Siku moja, akipangusa, Leyanis aliuvuta kidogo tu. Ukakatika.

Aliogopa. Mtaani kwao mpira wa dripu, ule wa plastiki wa kumtilia mgonjwa maji hospitalini, ulitibu kila kitu: ulinyonya petroli, ulipeleka maji kwa kuku, ulifunga hata mizigo. Akachukua kipande kwenye droo, akakichomeka mahali pa ule uliokatika, akakizungushia tepu nyeusi. Kilionekana kama injini ilitoka nacho kiwandani. Na baba alipouliza, "Mpira wa sensa uko sawa?" alijibu, "Uko sawa, baba." Kwa kuwa alimwamini mtoto wake, Osmany hakufunua tepu.

Jioni ya siku ya pili baba aliweka spana chini. "Mama, nisamehe," alimwambia Bibi Nieves. "Nadhani ni kompyuta. Kupata nyingine si leo wala kesho."

Bibi aliinama taratibu, akaanza kuvua viatu vyake vyeupe.

Hapo Leyanis akashindwa kuvumilia. "Ni mimi, baba!" akalia. "Mpira niliukata mimi! Nimeweka wa dripu, nikakudanganya."

Osmany akamtazama, kisha akaenda kuibandua ile tepu. Mpira wa dripu ulikuwa umelegea, unapwaya. "Plastiki hii ikipata joto inalainika," alisema kwa sauti ya chini. "Hewa ya nje inaingia, sensa inasoma uongo, kompyuta inamwaga petroli mpaka injini inazama." Akakata kipande cha mpira mgumu kutoka pikipiki mbovu ya Wilfredo, akakikaza kwa klipu. Injini ikawaka, ikapata moto, ikaendelea kunguruma vizuri. Hakumgombeza mtoto, na hilo lilimuuma Leyanis kuliko kiboko.

Walitoka kabla jua halijachomoza. Kigari hakikukohoa hata mara moja njia nzima. Lakini walipofika Sagua, waliona viti vimepangwa nje ya nyumba, na watu wamekaa kimya.

Binti wa Migdalia alikuja kuwapokea, macho mekundu. "Amekata roho alfajiri, mama mkubwa. Jana kutwa, kila gari likipita, alikuwa anauliza, 'Ni Nieves huyo?'"

Bibi Nieves aliingia, akakaa na mdogo wake muda mrefu. Leyanis alibaki amejikunyata kando ya gari, akilia mpaka kifua kikamuuma. Hatimaye bibi akatoka, akaketi karibu naye.

"Bibi, nimekunyima kumwona."

"Sitakwambia hapana, mjukuu wangu, maana na mimi nitakuwa nakudanganya." Akamfuta machozi kwa kitambaa cha kufungia chupa. "Kukata mpira hakukuwa kosa. Mpira mkavu hukatika. Ungesema siku ile ile, baba yako angenung'unika, angeweka mwingine, yangeisha. Wewe ukafunga uongo kwa tepu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tumeshaujenga, na Migdalia yuko upande wa pili."

Leyanis akainamisha kichwa.

"Nimekusamehe," bibi akasema. "Lakini usisahau. Ukiharibu kitu, sema kungali mapema, wakati mtu bado anangoja."

Kisha akaifungua ile chupa, akampa mjukuu wake kijiko, wakaanza kuwagawia waombolezaji mapera.