Kobe Hakubali Sare

Ghorofa ya pili ya jengo la mafundi simu, Jumamosi, watu wamebanana kama njiti za kibiriti. Kijana mmoja mtunga programu alikuwa kwenye benchi, shati la bluu limefungwa vifungo hadi kooni, akiitazama kompyuta yake ikicheza sataranji. Sauti ikatoka nyuma ya sikio lake.

"Kaka, huyo farasi wako kafanya kosa gani? Mbona anajificha?"

Aligeuka. Msichana mwenye gauni la njano, miwani kaisukuma utosini. Alikuwa fundi miwani wa duka la chini, kaja kubadilisha kioo cha simu.

"Hajifichi. Anajilinda."

"Anajilinda na nani, na adui yuko kwake kalala? Huyo si mchezaji, ni kobe."

Jina likaganda kwa programu, na mwenye Kobe naye akanasa kwa msichana.

Alimwekea msichana Kobe kwenye simu, naye akawa anacheza kila jioni akishafunga duka. Wapenzi wakajitungia na sheria: wakinuniana, anayetaka amani haongei, anaomba sare kwa Kobe. Kobe kwa uoga wake alikubali sare hata kabla hujamaliza kuomba. Sare ikikubaliwa, kengele inalia kwenye simu ya kijana, naye anampigia haraka.

"Yameisha, laazizi?"

"Yameisha. Na usiniulize tena."

Ndiyo ilikuwa sheria yenyewe. Baada ya sare, neno halirudiwi.

Kisha yakaja mashindano ya programu za sataranji.

"Mfundishe kushambulia," alisema mrembo wake, akimfungua kifungo cha juu. "Atoe farasi, atoe hata malkia, mradi amfikie mfalme. Wewe na yeye mnataka kushika kila kitu mkononi."

Kijana akaingia kazini. Akashusha thamani ya kete zote, akapandisha thamani ya mfalme wa adui aliyeachwa wazi. Mwisho akaandika amri fupi: sare ni sawa na kushindwa, ikiombwa ikataliwe. Kobe akageuka simba, kwenye kompyuta na kwenye simu ya msichana pia. Mwenyewe akabaki na vifungo vyake.

Wiki hiyohiyo mrembo akaitwa kazini ng'ambo.

"Niambie nisiende," alisema, wakiwa wamesimama kwenye ngazi.

"Uamuzi ni wako, mpenzi. Mimi sitaki kukuzuia."

"Hutaki kunizuia, au hujali?"

"Usinigeuzie maneno, bwana."

Kijana alidhani anamheshimu. Mwenzake alisikia kama kafunguliwa mlango atoke. Akashuka ngazi bila kugeuka, gauni la njano likamezwa na watu.

Jioni hasira zilimwisha msichana. Akashika simu, akaomba sare. Ikakataliwa. Akaomba tena, machozi yakilowesha miwani. Ikakataliwa, na Kobe akamtoa kafara malkia wake mwenyewe bila huruma, akambania msichana mfalme kwenye kona. Mrembo akavuta sanduku, akaanza kukunja nguo.

Kijana naye alikaa na simu kifuani akingoja kengele. Haikulia. Basi, akajisemea, kashanichoka.

Miezi kadhaa baadaye, mrembo akiwa ng'ambo, Kobe akashinda mashindano. Watu wakampigia makofi kijana, naye hakuwa na wa kumwambia ila mmoja. Akapiga.

"Hongera," sauti ikamjibu kutoka mbali. "Hata mimi alinichapa. Na sare ukanikatalia."

"Nilikukatalia lini? Hukuomba."

"Niliomba, nikarudia. Nikajua umekaa wewe mwenyewe kwenye kiti cha Kobe."

Kijana akaikumbuka amri yake. "Nilimwamuru akatae sare zote. Za kila mtu. Sikukumbuka kukutoa wewe."

Upande wa pili msichana akaguna tu.

"Mpenzi," kijana akasema, "na nikikuambia sasa urudi?"

"Sasa ndiyo unajua kuniambia. Nimeshavishwa pete, mwenzangu. Ni mtu mwema. Akitaka kitu, anasema." Alicheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Ile amri ifute, tafadhali. Usije ukamwonea na mwingine."

Akaifuta. Akaandika nyingine: sare ikiombwa, kengele ilie kwanza, yeye mwenyewe ajibu.

Kesho yake mchana kengele ikalia. Mchezo mpya, hakuna kete iliyosogezwa hata moja, na msichana anaomba sare. Kijana akamzima Kobe, akakubali kwa kidole chake mwenyewe. Akaitafuta namba yake, aulize, kama zamani, iwapo yameisha. Kisha akaikumbuka sheria, kwamba baada ya sare neno halirudiwi, akailaza simu mezani, kioo kikitazama chini.