Kila Alipovunja, Tulisoma Fatiha

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, nakaa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu ilikuwa kuwapaka maharusi hina. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia mtajua ulipatwa na nini...

Kazini sikujionea huruma. Ua likipinda kidogo tu, hata kama bibi harusi mwenyewe hajaliona, nilifuta mkono wote nikaanza upya. Mama alinilea hivyo: jikaze wewe, wenzio wahurumie. Maneno mazuri, wallahi! Lakini niliyaingiza nyumbani kwa Feisal, mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi ya samaki bandarini Liwatoni.

Kofi la kwanza nililipata kwa sababu ya chakula. Nilikuwa nimerudia mkono wa bibi harusi, nikachelewa kupika. Nikajilaumu. Si mimi niliyechelewa? Yeye nikamtetea kwamba amechoka na jua.

Halafu ukaja mshipi. Halafu akanigonga uso ukutani, jino likatoka, damu ikanijaa mdomoni...

Kila mara wazee walikuja wakatusuluhisha. Kwetu, Fatiha ikisomwa na kahawa ikinywewa, jambo limekwisha. Kulitaja tena ni aibu. Feisal alilijua hilo vizuri! Alikuwa akiitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote, na mimi nilikuwa nikisamehe kwa dhati. Nikajiambia nikaze zaidi, nipike mapema zaidi, ninyamaze zaidi.

Siku moja adhuhuri alinikuta navaa buibui. Bibi harusi alikuwa akinisubiri mtaa wa pili. Akaniambia siendi popote. Nikamwambia nimeahidi.

Akachukua mchi wa kinu. Akanikanyaga kifundo cha mkono pale sakafuni, akavipondaponda vidole vyangu! Nilisikia mifupa ikikatika. Nikapiga mayowe mpaka sauti ikakauka, naye akaendelea kupiga, akiniuliza kama sasa nitapaka hina. Ni binadamu gani huyu?

Majirani walivunja mlango, wakanipeleka hospitali.

Nilipotoka nilienda kwa ami yangu, mdogo wake baba, aliyenilea baba alipofariki. Kabla hata bandeji hazijabadilishwa, Feisal akafika na wazee wake na ubani. Kahawa ikamiminwa. Ami akaniangalia.

"Mwanangu, mwenzio amekuya mwenyewe. Tusome Fatiha, yaishe."

 Nikasema, "Ami, kumsamehe nimemsamehe. Lakini Fatiha haisomwi. Mimi naenda polisi."

Feisal aliruka! Sinia la kahawa likapaa, akanikaba koo mbele ya wazee wote. Macho yakaniingia giza... Ilibidi wanaume wamng'oe kwa nguvu. Mmoja wao alipigwa ngumi akapasuka mdomo.

Kumbe wazee walikuwa hawajawahi kumwona alivyo akikasirika. Walikuwa wakiletewa mtu aliyekoga, mwenye kanzu safi na sauti ya upole!  Ami akavaa viatu, akanishika bega, tukaenda kituoni pamoja.

Feisal alihukumiwa, sasa yuko jela. Ami aliniomba radhi akilia, nikampa papo hapo. Mtaniuliza, na Feisal je? Ndiyo, nimemsamehe, na humwombea dua. Lakini hatanipata tena chini ya dari moja naye, si leo si kesho.

Vidole havinyooki. Hina sipaki tena.

Wenzangu, jikazeni wenyewe kama alivyonifunza mama, na watu wakiwakosea wasameheni, sina majuto na hilo. Kosa langu ni kwamba nilidhani kusamehe ni lazima nibaki pale pale, karibu na mkono unaonipiga. Nani alinidanganya hivyo? Anayekupiga msamehe ukiwa mbali. Toka leo, dada yangu, ungali na vidole vyako!