Mashine ya Vipandikizi Iliyokatazwa Kufunguliwa

"Wananchi wote waliokabidhiwa mashine za kuoteshea vipandikizi wanataarifiwa kwamba, kuanzia Jumatatu, mifuniko ya mashine hizo itafutwa vumbi kwa kitambaa cha buluu. Kitambaa cheupe hakitakubalika. Ni agizo la Ofisi ya Miche."

Tangazo hilo lilibandikwa ukutani, katika chumba cha nyuma cha nyumba moja yenye kitalu. Aliyelibandika ni baba mwenye nyumba. Alikuwa karani kwa miaka thelathini, na ingawa amestaafu, mtaa mzima bado unamwita Karani. Alinunua kitambaa cha buluu siku hiyo hiyo. Kila asubuhi alifuta mfuniko wa mashine mpaka ukang'aa.

Mke wake ndiye mwenye kitalu. Kila asubuhi, mumewe akimaliza kufuta, yeye alichomoa vipandikizi vilivyooza na kuvitupa.

Mashine yenyewe si kitu cha ajabu. Ni beseni la plastiki lenye mfuniko wa matundu. Katika kila tundu kuna kishikio cha sponji kinachobana kijiti kilichokatwa mtini. Chini, ndani ya maji, kuna pampu. Pampu husukuma maji kwenye vinyunyizio vidogo, navyo hulowesha miguu ya vijiti. Baada ya wiki chache, vijiti huota mizizi. Mche unaopatikana hufanana na mti mama katika kila kitu, hata utamu wa tunda.

Mti mama wa kitalu hicho ulikuwa mkomamanga mmoja, uliosimama kando ya ukuta. Watu walitoka mbali kufuata miche yake. Sasa mtaro wa maji ya mvua ulipangwa kupita hapo, na mti ungekatwa baada ya wiki sita. Vipandikizi vilikuwa vimeoza mara tatu. Matawi mazuri yaliyobaki yalitosha kujaza mashine mara moja tu.

"Hii ni mara ya tatu," alisema mke. "Ya nne ikioza, mkomamanga huu hatutauona tena."

"Nimeandika barua," alijibu Karani. "Fundi wa ofisi atakuja."

"Barua ya ngapi?"

"Ya tano."

"Na fundi je?"

"Barua hutangulia," alisema Karani.

Alasiri hiyo alifika dada yake mdogo Karani, ambaye ni fundi wa pampu za visima. Alikuja kusalimia tu. Aliinama juu ya tundu moja la mashine, akavuta pumzi, kisha akasimama wima haraka.

"Wifi, humu mmefuga chura?"

"Tumefuga vijiti," alisema mke. "Havikai."

"Maji mlibadilisha lini?"

"Hatubadilishi. Tunaongeza, kwa kile kitundu cha pembeni. Tunatia na mbolea kidogo, vijiti vipate nguvu."

"Kijiti kisicho na mizizi kitakula mbolea kwa mdomo gani?"

Mke aliiweka kando chupa ya mbolea. "Na ndani mmesafisha lini?" aliuliza fundi.

"Mdogo wangu, hapo usiguse," alisema Karani. Alionyesha lakiri nyekundu iliyounganisha mfuniko na beseni. "Imeandikwa isifunguliwe ila na fundi aliyeidhinishwa."

"Kaka, mimi sijagusa."

Ilikuwa kweli. Aliyegusa ni mke. Alichukua mkasi wa kupogolea, akaikata lakiri katikati.

"Andika barua ya sita," alimwambia mumewe. "Sema mkeo amekata lakiri. Sema alikuwa na akili timamu, na mkasi ulikuwa wake."

Karani alikaa kwenye kiti.

Mke alitaka kuingiza mkono majini. Fundi alimshika.

"Kwanza chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Maji na umeme havina undugu na mtu."

Waya ukachomolewa, mfuniko ukainuliwa. Maji yalikuwa ya kahawia, na kuta za beseni ziliteleza. Karani aliyatazama maji hayo, kisha akautazama mfuniko wake unaong'aa.

Walimwaga maji yote. Fundi alifungua kichwa cha pampu. Nyuzi za mizizi ya zamani zilikuwa zimejizungusha kwenye pangaboi, na ubawa wake mmoja ulikuwa umevunjika.

"Hii haisafishwi, inabadilishwa," alisema. "Nenda dukani na ya zamani mkononi, wifi. Usimweleze muuzaji kwa maneno, atakuuzia anachotaka kukimaliza."

Vinyunyizio vilikuwa vinane. Vitano vilikuwa vimezibwa na chokaa iliyoachwa na maji. Karani, ambaye hakuweza kukaa bure watu wakifanya kazi, alileta sindano.

"Kaka, irudishe. Ukilipanua tundu, maji hayatanyunyizwa, yatachuruzika. Viloweke kwenye siki kwa saa moja, halafu sugua kwa mswaki wa zamani. Kilichopasuka tutanunua kingine chenye tundu la ukubwa uleule."

Vishikio vya sponji vilivyochanika au kulegea walivitupa. Vilivyo vizima, pamoja na beseni na mfuniko, walivisafisha kwa dawa ya klorini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha wakavisuuza mara tatu.

"Siki nayo tuitie humu humu?" aliuliza mke.

"Hapana. Siki na klorini haviwekwi chombo kimoja kamwe. Vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu."

"Kama mimi na wewe mwaka ule wa harusi."

"Mwaka ule haki ilikuwa yangu," alisema wifi yake, akaendelea kusuuza.

Jambo la mwisho lilikuwa joto. Pampu ilikuwa ikifanya kazi mchana kutwa bila kupumzika, ikayapasha maji moto, na maji ya uvuguvugu huharakisha kuoza. Walinunua saa ya kuwasha na kuzima, ili pampu ifanye kazi dakika moja na kupumzika dakika nne. Maji mapya yasiyo na mbolea yangebadilishwa kila wiki. Karani alifungua daftari, akaandika tarehe na kila kilichobadilishwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Mke alikata vijiti ishirini na vinne vya mwisho.

Siku ya kumi na mbili vilitokeza vinundu vyeupe vya mizizi. Katika wiki ya tatu, vijiti ishirini na viwili vilikuwa na mizizi. Wiki hiyo alifika afisa wa Ofisi ya Miche. Hakuja kutengeneza mashine. Alikuja kukagua kitambaa.

Kitambaa alikikuta sawa. Kisha akaona lakiri.

"Nani amekata hii?"

"Mimi," alisema mke. "Tarehe ipo daftarini."

"Mama, mashine hii itabidi niondoke nayo."

"Haitoki mpaka mizizi ifikie urefu wa kidole. Ukitaka kusubiri, kiti kipo."

Afisa alimgeukia Karani, kama mtu anayemgeukia mwenzake wa kazi. "Mzee, wewe unazijua taratibu."

"Nazijua," alisema Karani. "Ndiyo maana nakuomba uandike kwa usahihi. Lakiri alikata mke wangu. Vinyunyizio nilisugua mimi. Usimwandike peke yake."

Afisa aliandika, akaondoka bila mashine.

Mkomamanga ulikatwa siku iliyopangwa. Mke hakutoka kuutazama. Alikuwa akipanda miche ishirini na miwili kwenye mifuko ya udongo, na wiki iliyofuata alikata vijiti kwenye mmea wa jirani akaijaza mashine upya.

Barua ya Ofisi ya Miche ilifika mke akiwa amechomoa waya na kuingiza mikono ndani ya beseni. Karani alimsomea, polepole, bila kuruka neno:

"Kamati imekutana na kuamua kwamba mashine iliyotajwa ni mbovu, na itaendelea kuhesabiwa kuwa mbovu hadi fundi aliyeidhinishwa atakapothibitisha vinginevyo. Miche iliyopatikana humo isihesabiwe. Fundi huyo atateuliwa mara tu atakapowasilisha ripoti yake ya ukaguzi."