Marehemu Ametia Sahihi

Simu ilikuwa na maneno matatu tu.

"Marehemu ametia sahihi."

Kengewa hakuuliza marehemu gani. Alikuwa na mmoja: Mrefu, mpelelezi mwenzake kwa miaka kumi na moja. Miaka mitatu iliyopita walimzika akiwa shati na jozi ya viatu tu ndani ya jeneza, kwa sababu mto haukurudisha mwili.

Aliitazama saa yake ya Casio. Saa nne na dakika tano.

Akaiwasha kwa teke pikipiki yake ya Yamaha.

Ofisi ya hati fungani za serikali, ghorofa ya tatu, ilinuka gundi na karatasi za zamani. Msajili, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsukumia karatasi bila salamu. Watu husema maiti haulizwi sanda. Huyu alikuwa ameulizwa kalamu.

Msajili alimweleza upesi upesi. Miaka kumi nyuma serikali ilikopa kwa wananchi ikawapa hati: riba kila miezi sita, na mwisho wa miaka kumi mtaji wao wote. Leo saa sita mchana hati zinaiva. Mwezi uliopita, arobaini na moja kati ya hizo zilihamishiwa kampuni moja ya wageni, na wenyewe wote ni marehemu ambao mirathi yao haijamalizika. Ya Mrefu imo. Mjane wake ameingoja hiyo fedha miaka mitatu, aikomboe nyumba isipigwe mnada.

"Basi zuia," Kengewa alisema.

"Nizuie kwa lipi, baba? Jina liko kwenye daftari. Serikali ikikataa kulipa hati yake kwa wasiwasi tu, kesho tukitangaza hati mpya nani atatukopesha? Niletee ushahidi kabla ya saa sita. Au niambie hii si sahihi yake."

Kengewa aliitazama. Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoana.

"Ni yake."

Akajichukia, maana moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha. Mwizi, sawa. Lakini mwizi anapumua.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni.

"Kengewa, wakala wa kampuni hiyo yuko hoteli ng'ambo ya barabara. Chumba mia tano na saba."

"Nimepata, Mkuu."

"Ukimkuta Mrefu humo, ni adui kama wengine."

Kengewa alizima redio, akavuka barabara.

Ghorofa ya tano, zulia lilimeza nyayo zake. Lakini alisikia nyingine nyuma yake, za mtu mwenye hatua ndefu, anayeburuta kidogo mguu wa kushoto, kama Mrefu.

Aligeuka.

Korido tupu.

Bastola yake ya Beretta mkononi. Bega mlangoni.

Wakala, mgeni yule, alikuwa mwepesi. Glock ilitoka chini ya gazeti, risasi ikapasua kioo cha kabati. Kengewa alimkata kiwiko cha shingo. Bastola ikaenda chini ya kitanda, bwana akaenda sakafuni.

Hapakuwa na mwingine. Hata hivyo Kengewa alifungua bafu. Akafungua kabati. Akachungulia nyuma ya pazia, kama mtoto anayetafuta wenzake waliojificha.

Mgeni alimwona akitafuta. Akacheka, damu kwenye meno.

"Mrefu yu hai, ndugu yangu. Niachie nishuke ngazi hizi, kesho unakunywa naye chai."

"Ulimwona lini?"

"Juzi. Hapo ofisini kwao, dirisha la kuhamisha hati. Foleni ndefu, yeye nyuma yangu watu watatu, anatania kila mtu."

Ilikuwa picha tamu. Mrefu na foleni, Mrefu na utani wake. Kengewa aliishika kwa pumzi mbili nzima.

Kisha ikamponyoka.

Siku kumi kabla ya malipo daftari la hati hufungwa, hakuna jina linalohama, na dirisha lile hushushwa pazia. Mrefu aliwahi kujifanya karani pale mwaka mzima. Kazi yake siku hizo ilikuwa kuwarudisha watu makwao. Juzi hapakuwa na foleni. Hapakuwa na mtu.

"Asante," Kengewa alisema, akamtia pingu.

Ndani ya begi la Samsonite kulikuwa na mashine: mkono wa chuma ulioshika kalamu. Alibonyeza swichi. Mkono ukainama juu ya karatasi ya hoteli, ukaandika jina la Mrefu polepole, mpaka ndoana ya mwisho.

Halafu ukangoja karatasi nyingine.

Saa tano na dakika hamsini na mbili mashine ilikuwa mezani kwa Msajili. Aliitazama ikiandika mara moja tu, akavuta muhuri mwekundu, akagonga mara arobaini na moja. Wengine wote walipwe. Hizi zirudi kwa warithi.

Mjane wa Mrefu alikuwa ngazini. Karani mmoja mwenye mdomo mwepesi alikuwa ameshampigia simu.

"Shemeji, wanasema sahihi yake imeonekana."

"Ni mashine, shemeji. Fedha ni yako."

"Sikuulizi fedha. Ulisema mto ulimchukua, na mwili hatukuuona. Nitajuaje kama hayuko mahali?"

Miaka mitatu Kengewa alikuwa na jibu. Miaka mitatu alilimeza.

"Nilikuwa nimemshika mkono," alisema. "Nikauachia, ili nipone mimi."

Mjane hakulia. Alimtazama kama mtu anayesoma barua mpaka mstari wa chini kabisa.

"Nenda," alisema mjane. "Nyumba umeniokolea. Sasa nenda."

Kengewa alivaa Ray-Ban, akafunga zipu ya koti, akashuka bila haraka. Askari wa getini akampigia saluti.

Akaketi mbele kabisa kwenye kiti cha pikipiki, kama mtu aliyembeba mwenzake nyuma, akaondoka.