Yuka Avuka Kipupwe

Haya, sogeeni hapa. Funikeni miguu, maana hadithi hii ina baridi.

Kuna mtoto anaitwa Sekela. Anaishi juu milimani, karibu na Kitulo, kule ambako hata kuku wangevaa sweta kama wangeshonewa.

Baba yake analima viazi. Mama yake ni msusi, anasuka nywele za watu pale pale nyumbani.

Na barazani, ndani ya ndoo ya bluu, anaishi Yuka.

Yuka ni mmea. Majani yake ni marefu, yamesimama, na yamechongoka.

Ukimgusa vibaya, chwi! Utaruka.

Yuka alitoka Dodoma, kwa Shangazi Ikupa. Huko ni kukavu, na jua linawaka kweli kweli. Shangazi alimleta kwa basi, amempakata njia nzima.

"Huyu nimemlea tangu yuko kama kidole," Shangazi alisema. "Sasa ni wako, Sekela."

"Wangu mimi?"

"Wako wewe. Mtunze."

"Asante, Shangazi! Asante!" Sekela alitaka kumkumbatia Yuka. Chwi! Basi akamkumbatia Shangazi.

Shangazi akarudi Dodoma. Yuka akabaki.

Kisha ukafika mwezi wa sita. Kipupwe hicho!

Upepo ukavuma. Vuuu! Vuuu!

Asubuhi moja Sekela akatoka nje. Nyasi zote zilikuwa nyeupe. Akazikanyaga. Kachu, kachu, kachu.

"Mama! Nani amemwaga chumvi?"

"Si chumvi, mwanangu," Mama akasema. "Ni sakitu. Umande umeganda usiku."

Sekela akakimbia barazani. Yuka alikuwa amesimama peke yake, hana sweta, hana soksi. Katikati ya majani yake palikuwa na kipande cha barafu.

"Maskini Yuka! Kwenu hakuna baridi hii."

Akainama karibu naye, akamwambia:

"Vumilia, Yuka, vumilia.
Baridi ni mgeni, itakwenda zake."

Sasa, nyumbani kwa kina Sekela, mtu akiingia anatetemeka, anapewa chai. Hata kama amekuja kuazima jembe tu, anapewa chai.

Kwa hiyo Sekela akachukua kikombe. Akamimina chai ndani ya ndoo. Glu, glu, glu.

Chai ya maziwa, jamani! Tena yenye sukari.

"Kunywa, Yuka. Upate joto."

Jioni akampa tena. Glu, glu, glu. Kesho yake akampa tena, na maji ya uvuguvugu juu yake.

Kisha akaisukuma ndoo mpaka jikoni, karibu na moto. Kwaruuu, kwaruuu, kwaruuu.

Baba akarudi kutoka shambani. Akavuta kigoda chake, akakaa.

Chwi!

"Yalaa!" Baba akaruka. "Nani amenichoma?"

"Ni Yuka, Baba. Anaota moto."

Mama alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Baba alijishika nyuma, akacheka baadaye.

Lakini Yuka hakucheka. Yuka alikuwa anaumwa.

Majani yake yakawa ya njano. Yakalala chini. Udongo wake ukanuka kama maziwa yaliyochacha.

Sekela akagusa jani moja. Likang'oka. Lilikuwa laini, limeoza.

Sekela akalia. "Mama, Yuka anakufa! Nimempa chai. Nimempa moto. Mbona anakufa?"

Mama akaweka uzi wake chini. Akamfuta machozi kwa pindo la khanga.

"Mimi najua nywele, mwanangu. Yuka simjui. Tumpigie shangazi yako."

Wakapiga simu. Ngriii! Ngriii!

"Wifi, habari za huko?" Mama akasema. "Yule Yuka wako anaumwa."

"Jamani! Mmempa nini?" Shangazi akauliza.

Mama akamtazama Sekela. Sekela akatazama vidole vya miguu yake.

"Chai, Shangazi," akasema kwa sauti ndogo.

"Chai?"

"Ya maziwa."

Shangazi akacheka, akacheka, mpaka simu ikatetemeka mkononi mwa Mama. Kisha akasema polepole:

"Sekela, mama. Ulimpa kwa upendo. Mimi sikasiriki. Sikiliza."

Sekela akasikiliza.

"Yuka ni mtu wa nchi kavu. Baridi anaiweza. Lakini baridi na maji pamoja, hapo hawezi. Anaoza."

"Sasa nifanyeje? Yuko jikoni, karibu na moto."

"Mtoeni jikoni, moshi haumfai. Kausheni udongo wake. Fungeni majani yake juu, ili umande usiingie moyoni mwake. Halafu muacheni alale. Kipupwe kikiisha, mfungueni."

"Atapona, Shangazi?"

Shangazi hakumdanganya.

"Kama moyo wake haujaoza, atapona. Tutajua siku ya kumfungua."

Basi, kazi ikaanza.

Baba akapasha msumari kwenye moto. Akatoboa ndoo kwa chini. Chwiiii! Matundu yakafunguka, maji ya kahawia yakatoka. Tone, tone, tone.

"Tazama chai hii yote!" Baba akasema. "Na mimi jana niliambiwa imekwisha."

Akamwaga udongo uliooza. Akaweka mchanga mkavu, akauchanganya na udongo kidogo, akamsimamisha Yuka tena.

"Asante, Baba," Sekela akasema.

Mama Ilomo, jirani yao, akaja kusukwa. Akamkuta Sekela ana macho mekundu.

"Mtoto ana nini?"

Wakamweleza. Mama Ilomo akageuka, akarudi kwake. Alipokuja tena alikuwa na mabua makavu ya ngano, na gunia tupu la viazi.

"Gunia mvalisheni ndoo. Mabua wekeni juu ya mizizi," akasema. "Mimi nywele zangu zitasubiri."

"Asante, Mama Ilomo," Sekela akasema.

Kisha ikawa zamu ya Mama.

Mama akakaa kwenye kigoda chake cha kusukia. Akakunja khanga nene, akaifunga mikononi, maana Yuka ni yule yule. Akayakusanya majani yote, kama anavyokusanya nywele za mteja.

"Tulia, Yuka," akasema. "Sikuumizi."

Akachukua uzi mweusi wa kusukia. Akazungusha, akazungusha, akazungusha. Akaanza chini, akapanda mpaka juu.

"Mnaona?" Mama akasema. "Yuka hajalia. Kuna mtu mmoja namjua, akiona kitana tu anakimbilia uvunguni."

"Ni mimi?" Sekela akauliza.

"Sijataja jina."

Sekela akacheka. Tangu jana hakuwa amecheka.

"Asante, Mama."

Yuka sasa alikuwa mwembamba, amenyooka. Wakamweka nje, kwenye ukuta, pale ambapo mvua haifiki na jua la asubuhi linafika. Gunia kwenye ndoo, mabua juu ya mizizi.

Sekela akamwambia:

"Vumilia, Yuka, vumilia.
Baridi ni mgeni, itakwenda zake."

Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote. Kazi ya kutofanya kitu.

Asubuhi, vuuu! Sekela akatoka na kikombe chake cha chai. Kachu, kachu, kachu.

Akamtazama Yuka. Akaitazama chai. Akamtazama tena Yuka.

"Kidogo tu?" akajiuliza.

Akajijibu, "Hapana."

Akainywa yeye. Glu, glu, glu.

"Vumilia, Yuka, vumilia.
Baridi ni mgeni, itakwenda zake."

Asubuhi nyingine, vuuu! Kachu, kachu, kachu. Jani la nje lilikuwa la kahawia.

Asubuhi nyingine tena, vuuu! Kachu, kachu, kachu. Majani mengi ya nje yalikuwa ya kahawia.

Baba akaja, akasimama karibu yake. Akakuna kichwa.

"Sekela, mwanangu. Huyu naona amekauka. Nikutafutie ua jingine?"

"Hapana, Baba. Amelala tu."

Alisema hivyo, lakini aliogopa sana. Je, kama moyo umeoza? Je, kama ile chai ilimuua?

Baba akamshika mkono. Wakasema wote wawili, mmoja kwa sauti nene, mmoja kwa sauti nyembamba:

"Vumilia, Yuka, vumilia.
Baridi ni mgeni, itakwenda zake."

Kipupwe kikakaa. Kikakaa. Kikakaa tena. Kigumu kuaga kama nini!

Halafu, asubuhi moja, Sekela akatoka nje. Akakanyaga nyasi.

Kimya.

Akakanyaga tena. Kimya. Nyasi zilikuwa laini na za kijani. Jua lilikuwa limekaa juu ya bati, linawaka.

Sekela akavua sweta. "Mama! Baridi imeondoka! Tumfungue Yuka!"

Mama akaja. Baba akaja. Mama Ilomo akaiona ile haraka, naye akaja.

Mama akaanza kufungua uzi. Akauzungusha, akauzungusha, akauzungusha. Sekela akafunika macho kwa viganja, akachungulia katikati ya vidole.

Jani likaanguka. La kahawia.

Jingine likaanguka. La kahawia.

Jingine tena. La kahawia.

Mama Ilomo akashika shavu.

"Yote yamekufa," Sekela akanong'ona. Machozi yakaanza kuja.

Mama akachutama karibu yake. "Bado hatujafika moyoni. Huyu ni wako. Angalia wewe mwenyewe."

Sekela akanyoosha mkono. Akapitisha kidole katikati ya majani makavu. Polepole. Polepole. Ndani, ndani kabisa.

CHWI!

"Aii!"

Sekela akatoa kidole. Kulikuwa na tone dogo la damu.

Akakitazama kidole. Akamtazama Mama. Macho yakamtoka.

"Amenichoma! Mama, amenichoma! Baba, Yuka amenichoma!"

Mama akayatenganisha yale makavu. Na hapo katikati, majani machanga yalikuwa yamesimama. Ya kijani! Magumu! Makali!

"Yuko hai!" Sekela akaruka. "Yuko hai! Yuko hai!"

Baba hakuamini. Naye akaingiza kidole. Chwi! "Yalaa!"

Mama Ilomo akasema, "Ngoja na mimi." Chwi! "Yalaa!"

Wakacheka wote, kila mtu ananyonya kidole chake.

Wakampigia Shangazi simu. Ngriii! Ngriii!

"Shangazi! Yuka amenichoma!"

Shangazi akapiga vigelegele kule kule Dodoma, mpaka kuku wa barazani wakakimbia.

Jioni ikaingia. Sekela akala, akanawa, akapanda kitandani. Mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Haya, tumshukuru Mungu, kisha ulale."

Sekela akafumba macho.

"Asante kwa Shangazi, aliyecheka na hakukasirika. Asante kwa Baba na msumari wake. Asante kwa Mama Ilomo na gunia lake. Asante kwa Mama na uzi wake."

Akapiga mwayo.

"Asante kwa Yuka, hakuchoka kuvumilia."

"Amina," Mama akasema.

"Bado, Mama." Sekela akatoa mkono nje ya blanketi. Akainua kidole chake.

"Na asante kwa kidole changu kinachouma."

Mama akakishika kile kidole, akakibusu. "Kinauma sana?"

"Kinauma," Sekela akasema, huku anatabasamu na macho ameyafumba. "Nafurahi sana kinauma."

Akalala.