Majina Yangu Matatu

Futa hilo tabasamu, Narindra. Wewe msimamizi wa jukwaa zima la mtaa huko mtandaoni, huamini yanayoandikwa humo? Nyamaza usikie. Aibu ni yangu, si yako.

Ule uzi wa kwamba Lantosoa ni mchawi, anacheza juu ya makaburi, niliufungua mimi. Uongo mtupu. Vitambaa vyake vya kudarizi vilipendwa kuliko vyangu, basi. Sheria yako inasema tuhuma isiyoungwa mkono na watu watatu inafutwa. Nikajitengenezea watatu: Jirani Mkweli, Bata Mzee na Yatima. Uzi ukizama, namtuma mmoja ajibu, unapanda juu tena.

Jana jioni niliteleka wali, nikaona mkaa hautoshi, nikatoka kununua. Simu niliiacha ndani, imezimwa.

"Bibi, umesoma?" muuza mkaa akaninong'oneza. "Jirani Mkweli kasema Lantosoa ahame kabla ya Jumapili, la sivyo nyumba yake ichomwe."

"Kasema lini?"

"Sasa hivi. Bata Mzee naye kaunga mkono. Mbona unaacha mkaa? Si ndio hao wanaokuunga mkono kwenye uzi wako?"

Nilirudi mbio bila mkaa. Nikawasha simu, nikabadilisha nywila zote tatu. Nikaandika kwa jina langu halisi: *Nilidanganya. Lantosoa hana kosa.*



Simu ikalia.

Jirani Mkweli: *Huyu bibi naye ni mwenzake.*

Bata Mzee: *Kumbe wako wawili.*

Kisha Yatima, ambaye tangu nimuumbe sikuwahi kumpa zaidi ya maneno matano: *Anaunguza wali. Amekaa sakafuni, kiatu kimoja mguuni.*

Nikanusa.

Wali ulikuwa unaungua.

Sikuthubutu kutazama miguu yangu...

Nilitazama.

Usiniambie mtu kaniibia nywila. Kaiba, sawa. Na mguu wangu kauonea wapi, madirisha yote nimeyafunga?

Unasema utaufuta uzi. Ufute. Mtaa mzima umeshausoma, na Lantosoa anapakia magodoro kwenye mkokoteni, arudi kwao Betafo na wanawe. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nakwenda kumwambia kwa mdomo, mbele ya wanawe hao hao, na akinitemea mate nitayafuta kwa lamba langu, shuka hili la mabegani.

Simu yako imelia.

Usinisomee.

Nimesema usinisomee! Anayeandika hapo simjui tena.

Kaa hapo hapo. Mlango naufunga mwenyewe.