Povu la Damu ya Ludara

Pale kituo cha boda cha Koboko, katikati ya honi na wachuuzi, boksi la barafu lilimteleza Medina mikononi. Sulaimani, aliyekuwa juu ya pikipiki yake, akalidaka.

"Dada, iko samaki hapa ndani?"

"Iko damu ya mbuzi."

"Basi wewe iko mganga. Nitakuogopa."

Hakumwogopa. Miezi mitano akambebea damu kutoka Ludara hadi maabara ya Arua, ambako Medina alipima kama dawa ya kupulizia mashamba inaumiza mbuzi. Kila safari alipiga simu: "Habibti, damu yako iko baridi. Moyo wangu ndiyo unachemka." Medina alicheka peke yake kama mwehu. Ijumaa wazee wa Sulaimani wangefika kwa mjomba wake Medina kumposa.

Jumatano asubuhi, gurbaba yake, nguo ya kujifunga ya zambarau, ikining'inia chini ya koti lake jeupe, Medina akamimina peroksaidi, dawa ya kusafishia vidonda, juu ya matone ya damu ndani ya vibomba vya kioo. Ndani ya damu kuna kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachoivunja peroksaidi iwe maji na hewa. Kikiwa hai, povu hupanda. Baada ya nusu dakika akaweka rula. Siku zote lilifika milimita sitini. Leo, kumi na tano.

Vibomba vyote kumi vilikuwa hivyo, hata vya mbuzi wa boma lisilopuliziwa dawa. Haikuwa dawa ya mashamba basi. Akachukua damu ya mbuzi wa Arua, akaigawa: nusu kwenye barafu, nusu ndani ya boksi lisilo na barafu juani, asubuhi hadi adhuhuri. Ya barafu ikatoa povu la sitini. Ya juani, kumi na sita.

Akapiga simu.

"Barafu iliyeyuka njiani?"

"Hapana, habibti. Si ulikuta boksi limejaa?"

"Nilikuta. Kabla ya hapo lilikaa bila barafu kwa muda gani?"

"Nani amekuambia?"

"Damu yenyewe. Barafu ulipeleka wapi?"

"Ilipoza soda. Nikanunua nyingine nilipoingia Arua. Kule Ludara hakuna stima, Medina. Wakwe wakinywa soda ya moto siku ya posa, wanasema umewadharau."

"Posa ya nani?"

"Nilitaka kukueleza polepole."

"Ya nani, Sulaimani?"

"Yangu. Binti mmoja wa huko, Night Poni, ana mimba yangu. Lakini dini yetu inaruhusu wawili, na wewe ndiye..."

"Soda zilipoa?"

"Nini?"

"Nauliza, soda zilipoa?"

"Zilipoa," akasema kwa sauti ndogo.

Medina akakata simu. Akamwaga vibomba vyote kumi, akavisuuza kimoja kimoja, kisha akampigia mjomba.

"Mjomba, Ijumaa usichinje."

"Wageni wamepata udhuru?"

"Hapana. Wao wako tayari kuja. Mimi ndiye nimekataa."

"Mwanangu, umekuwa aje?"

Hapo ndipo Medina akalia.